Daftari Lililojaa Vizuri: Uhakiki wa Mbinu za Kutafiti Ukaguzi wa Kumbukumbu za Polisi

Ikisiri

Tafiti kuhusu ukaguzi wa kumbukumbu za vyombo vya usalama zimejikita zaidi katika kuuliza iwapo kumbukumbu ipo, imejazwa na imetiwa saini. Makala haya yanahakiki mbinu tatu zilizo na nguvu katika uwanja huo, yaani ukaguzi wa sampuli za madaftari, dodoso kwa maafisa, na uchambuzi wa kiisimu wa maelezo ya maandishi. Yanadai kwamba kila mojawapo hupungukiwa inapoletwa Afrika Mashariki, kwa sababu zote huchukulia kuwa kilichosemwa kaunta na kilichoandikwa daftarini ni lugha moja. Mifano inatolewa kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na mashariki mwa Kongo, pamoja na Uingereza, Marekani na India ambako mbinu zenyewe zilibuniwa au kujaribiwa.

Utangulizi

Katika vituo vingi vya polisi vya Afrika Mashariki safari ya malalamiko huanza kwa mdomo. Mlalamikaji husimulia, askari wa zamu husikiliza, huuliza mawili matatu, kisha huandika. Nchini Kenya daftari hilo huitwa OB, na mwananchi hutoka kituoni na namba inayofuatwa na tarehe ya siku hiyo. Nchini Tanzania husema amepewa RB. Nchini Uganda hutajiwa namba ya SD. Herufi hizo mbilimbili zilirithiwa kutoka Kiingereza cha utawala wa kikoloni, lakini zimekwisha kuwa maneno ya sokoni: mama muuza mboga asiyejua Kiingereza hata kidogo anajua kwamba bila RB hana kesi, na kwamba bila PF3 (P3 kwa Mkenya) majeraha yake hayatazungumzwa mahakamani.

Mfano wa kufikirika utasaidia kuonyesha tatizo. Mwanamke anafika kaunta mkono umefungwa kwa kanga. Anasema, "Mume wangu kanipiga na mchi, mkono umevunjika." Daftarini panaandikwa: "Mlalamikaji ameripoti ugomvi wa kifamilia kati yake na mumewe. Ameshauriwa." Namba ya tukio ipo. Saa ipo. Jina, makazi na namba ya askari vipo. Mkaguzi anayepita mwezi unaofuata na orodha yake ya maswali atatia alama ya vyema katika kila kisanduku, kwani daftari limejaa vizuri. Ambacho hakitaonekana popote ni kwamba kati ya kitenzi "kanipiga" na nomino "ugomvi" kosa la jinai limetoweka pamoja na mtendaji wake. Ugomvi ni wa watu wawili. Kupiga kuna mpigaji na mpigwa.

Watafiti wa sheria na wa utawala wameandika mengi kuhusu namna kumbukumbu zinavyopotea, zinavyochelewa au zinavyofichwa. Mabadiliko ya aina hii, yanayofanyika ndani ya sentensi moja na pengine bila nia mbaya, yameachwa kando. Si kwa bahati mbaya. Mbinu zinazotumika hazikuundwa kuyaona.

Kuanzia nje ya daftari

Kazi inayotajwa mara nyingi kuwa kielelezo ni ripoti ya wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales ya Novemba 2014 kuhusu uandikishaji wa uhalifu. Mnamo Januari mwaka huohuo mamlaka ya takwimu ya Uingereza ilikuwa imeziondolea takwimu za uhalifu za polisi hadhi ya takwimu rasmi za kitaifa, baada ya bunge kusikia ushahidi kutoka ndani ya jeshi la polisi kwamba takwimu zilikuwa zikichezewa. Wakaguzi walikadiria kuwa asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikishwa, yaani zaidi ya makosa 800,000 kwa mwaka. Kwa makosa ya kutumia nguvu dhidi ya mtu kiwango kilikuwa asilimia 33, na kwa makosa ya kujamiiana asilimia 26.

Wanaoinukuu ripoti hii katika ukanda wetu hupenda asilimia zake na kusahau njia iliyozizaa. Nguvu ya kazi ile haikuwa ukubwa wa sampuli. Ilikuwa ni mahali sampuli ilipochukuliwa. Wakaguzi hawakuanza na daftari la makosa. Walianza na simu za wananchi na kumbukumbu za matukio ya awali, wakaamua wenyewe kama kilichoelezwa kilistahili kuandikishwa kuwa kosa, na ndipo wakaenda kulitafuta kosa hilo katika orodha rasmi. Kila pengo lilionekana kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu mbili zilizotengenezwa kwa nyakati tofauti na kwa madhumuni tofauti.

Sasa mbinu hiyo ikiletwa katika kituo cha wilaya ambako malalamiko hufika kwa miguu na hayarekodiwi na chombo chochote, nusu yake ya kwanza haipo. Kinachobaki ni nusu ya pili, yaani daftari na orodha ya maswali. Mtafiti huchagua kurasa kwa nasibu kutoka katika daftari lenyewe, huhesabu visanduku vilivyojazwa, kisha hutoa asilimia. Kwa lugha ya takwimu, orodha ya kuchagulia sampuli ndiyo hiyohiyo inayotiliwa shaka. Aliyefukuzwa kaunta hana nafasi yoyote ya kuingia katika sampuli hiyo, hata kurasa zikichaguliwa kwa unasibu ulio safi namna gani.

Kenya ina kisa kinachoonyesha gharama ya kosa hili la kimbinu. Mwezi Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau kabla ya kuuawa. Miongoni mwa vilivyosaidia kufuatilia nyayo zao ni ujumbe mfupi wa kuomba msaada ulioandikwa kwenye karatasi ya chooni na kurushwa nje. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mtoa habari wao. Utafiti unaoanzia na kitabu cha mahabusu hauwezi kufika kwenye karatasi kama ile, na hapo ndipo ukaguzi ulipohitajika kuliko mahali pengine popote.

Ukanda huu, hata hivyo, hauna sababu ya kukata tamaa kwa kukosa simu zilizorekodiwa, kwa kuwa umekwisha kufanya ukaguzi wa aina ya Uingereza bila kuuita hivyo. Tume ya uchunguzi wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, iliyoongozwa na Jaji Philip Waki na kutoa ripoti yake mwaka 2008, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Hesabu hiyo ya risasi ilijengwa juu ya kumbukumbu za hospitali. Daktari anayeandika "jeraha la risasi" hajibu swali la nani alifyatua. Anajibu swali la kitabibu, na kwa hiyo kumbukumbu yake hutengenezwa chini ya shinikizo tofauti na lile la kituo cha polisi. Rejista ya wagonjwa wa nje, daftari la chumba cha maiti, kitabu cha dawati la jinsia, barua za mtendaji wa kata au za chifu, hata daftari la mwenyekiti wa mtaa: hizi ndizo simu zetu zilizorekodiwa. Ni ajabu kwamba tasnifu nyingi za ukaguzi huzitaja, kama huzitaja, katika aya moja ya mapendekezo kwa watafiti wajao.

Maafisa wanasemaje, na wanasema nini

Njia ya pili ni kuwauliza wenye kalamu. John Eterno, aliyekuwa afisa katika polisi wa New York, na Eli Silverman waliwapelekea maafisa wastaafu wa jeshi hilo dodoso lisilo na majina, na kitabu chao cha mwaka 2012 kilionyesha kwamba shinikizo la kushusha takwimu lilisababisha makosa kushushwa daraja. Kutotaja majina na kustaafu kuliwapa wahojiwa uhuru ambao askari aliye kazini hana. Lakini dodoso la aina hiyo hupima kile ambacho afisa anakumbuka kuhusu shinikizo. Haliwezi kusema ni makosa mangapi yaliyobadilishwa. Los Angeles swali hilo la pili lilijibiwa kwa kurudia kusoma maelezo ya matukio yenyewe. Mwaka 2015 mkaguzi mkuu wa polisi wa jiji hilo alikadiria kuwa mashambulio mabaya zaidi ya 25,000 yalikuwa yameainishwa kuwa mepesi katika miaka ya 2008 hadi 2014.

Ni muhimu kuona kilichowezesha kazi ya Los Angeles. Maelezo ya tukio yalikuwa yamebaki na kisa kizima, pamoja na kisu au rungu lililotumika, ingawa kichwa cha habari kilisema jambo jepesi. Udanganyifu au uzembe ulikuwa katika uainishaji, si katika masimulizi. Pale ambapo masimulizi yenyewe yamefupishwa kuwa "ugomvi wa kifamilia, ameshauriwa", hakuna cha kurudia kusoma.

Harold Garfinkel alikwisha kuonya mwaka 1967, akiandika kuhusu mafaili ya kliniki ya magonjwa ya akili, kwamba kumbukumbu mbovu huwa na sababu nzuri za kitaasisi: anayeandika huwaandikia wenzake wanaojua kazi, si mtafiti wa kesho. Onyo hilo limekuwa maarufu mno. Kuna uandishi wa kitaaluma unaolitumia kama mlango wa kutokea: kwa kuwa kila kumbukumbu ni zao la taasisi, basi hakuna kumbukumbu ya kweli wala ya uongo, na kazi ya mtafiti ni kueleza tu namna zao hilo lilivyotengenezwa. Mwanamke mwenye mkono uliovunjika hawezi kukubali hoja hiyo, na mshauri wa sera hapaswi kuikubali. Garfinkel alieleza kwa nini mafaili ni mabovu. Hakusema kuwa hayana ubovu.

Jaribio la ujasiri zaidi lilifanywa India. Katika jimbo la Rajasthan, kikundi cha watafiti kilichowajumuisha Abhijit Banerjee na Esther Duflo kiliwatuma watu vituoni wakajifanya walalamikaji, ili kuona kama askari angekuwa tayari kuandikisha malalamiko. Hii ni njia inayotoka nje ya daftari kabisa. Kwa sababu za kimaadili na kisheria watu hao walijitambulisha kabla taarifa haijaandikishwa rasmi, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini una bei yake: mtafiti anajua kama askari angeandika, hajui angeandika nini. Kwa mara nyingine utafiti unasimama mlangoni pa lugha.

Wanaisimu nao

Ingetarajiwa kwamba wanaisimu ndio wangeingia mlango huo. Wameingia, kwa Kiingereza. Jan Svartvik mwaka 1968 alichambua maelezo ya Timothy Evans na kuonyesha kwamba sehemu ambazo polisi waliziandika zilikuwa na sarufi tofauti na nyingine. Malcolm Coulthard akafuata na maelezo ya Derek Bentley, kijana wa miaka 19 aliyenyongwa London tarehe 28 Januari 1953. Polisi waliapa kwamba maelezo yale yalikuwa imla ya Bentley mwenyewe, bila maswali. Coulthard aliangalia neno dogo la Kiingereza lenye maana ya "kisha". Katika maelezo ya Bentley lilitokea takriban mara moja kwa kila maneno 58. Katika maelezo ya mashahidi wa kawaida aliyoyatumia kulinganishia, mara moja kwa maneno 930. Katika maelezo ya polisi, mara moja kwa maneno 78. Hukumu ilitenguliwa Julai 1998, ingawa mahakama ya rufani iliegemea zaidi namna jaji alivyowaelekeza waamuzi raia kuliko hesabu ya maneno.

Kazi hiyo imewavutia wanafunzi wengi wa isimu katika vyuo vyetu, na hapo ndipo uhakiki unapohitaji ukali kidogo. Njia rahisi ni kutafuta neno la Kiswahili linalolingana na lile la Kiingereza, yaani "kisha", "halafu" au "ndipo", na kulihesabu. Njia hiyo haifai. Mfuatano wa matukio katika Kiswahili haubebwi hasa na neno. Hubebwa na kiambishi -ka-. Msimulizi yeyote wa kawaida atasema "akanishika, nikapiga kelele, akakimbia", na wingi wa -ka- hauthibitishi kalamu ya polisi. Pengine huthibitisha kinyume chake. Kinachotia shaka ni -ka- kutoweka na nafasi yake kuchukuliwa na mnyororo wa -li- uliounganishwa kwa "ambaye" na "ndipo": "Mnamo tarehe 14 majira ya saa 20:00 huko maeneo ya sokoni nilivamiwa na mtuhumiwa ambaye alinishambulia, ndipo nilipopiga kelele." Hakuna anayemsimulia jirani yake hivyo. "Mnamo", "majira ya", "huko maeneo ya" ni mihuri ya rejista ya kipolisi, na zaidi ya yote ni neno "mtuhumiwa" katika kinywa cha mtu aliyeshambuliwa na shemeji yake anayemjua kwa jina la utani.

Hata mihuri hiyo haitoshi. Rejista ya kipolisi imekwisha kuvuka kaunta na kuingia magazetini na redioni, na raia anayejua anazungumza na dola hujitahidi kuzungumza kama dola. Mlalamikaji anayesema "mnamo" huenda amesema "mnamo" kweli. Kwa hiyo hakuna hesabu yoyote itakayokuwa na maana kabla ya kuwapo mkusanyo wa masimulizi ya mdomo ya watu wa kawaida wakizungumza na watu wa mamlaka, kwa lahaja mbalimbali. Neno lahaja hapa si pambo. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, "njo" hubeba kazi ambazo Kiswahili sanifu hugawia "ndiyo", "ndiye" na "ndipo". Kipimo kilichotengenezwa Dodoma kikipelekwa kule kitamshuku kila msemaji.

Kuna hatua moja ya Coulthard inayosafiri vizuri zaidi, nayo haitajwi sana kwa sababu haina takwimu za kupendeza. Alionyesha kwamba baadhi ya kauli kanushi za Bentley hazikuwa na sababu ya kuwapo isipokuwa kama kuna aliyeuliza. Mtu anayesimulia kwa hiari hasemi jambo ambalo halikutokea mpaka liwe limetarajiwa au limeulizwa. Kauli kama "Siku hiyo sikuwa na panga", ikitokea katikati ya maelezo ambayo hayajataja panga kabla wala baada yake, ni alama ya swali lililofutwa. Hoja hii haitegemei sarufi ya Kiingereza. Inategemea kanuni za mazungumzo, ambazo Mzaramo na Mluhya wanazo kama Mwingereza.

Kwa Tanzania hoja hiyo ina uzito wa kisheria wa moja kwa moja. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kinataka kumbukumbu ya mahojiano yenye ungamo ionyeshe, kadiri inavyowezekana, maswali aliyoulizwa mtu na majibu aliyoyatoa, na kwamba asomewe na apewe nafasi ya kusahihisha. Ungamo lililotolewa kwa kuhojiwa, kisha likaandikwa kama hadithi moja isiyo na maswali, halijatimiza sharti hilo hata likiwa na saini na dole gumba. Mkaguzi anayetia alama kwenye saini bila kutafuta maswali anapima kitu kingine.

Saa, siku na lugha ya tatu

Inafaa kutaja eneo moja ambalo halihitaji mkusanyo mkubwa wala mtaalamu, na ambalo limepuuzwa kwa namna ya kushangaza. Katiba ya Kenya na sheria ya Tanzania hutumia saa 24 kama kipimo cha msingi cha kumfikisha mtuhumiwa mahakamani. Katiba ya Uganda inatoa saa 48, na ile ya Kongo saa 48 kwa kizuizi cha polisi. Tafiti za ukaguzi huchukua saa ya kukamatwa na saa ya kuachiwa kutoka daftarini, hutoa moja kwa nyingine, na kuripoti wastani. Lakini raia huhesabu saa kuanzia machweo na mapambazuko. "Saa mbili usiku" ni 20:00. Askari aliyechoka akiandika 02:00, tukio limesogezwa mbele saa sita na kuingia tarehe nyingine. "Saa mbili asubuhi" ikiandikwa vivyo hivyo imerudishwa nyuma saa sita. Kisha kuna siku yenyewe: kwa mzee wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na hati iliyoandikwa na kijana wa bara itaweka tukio saa 24 baadaye.

Makosa haya yana umbo, na chenye umbo hupimika. Mtafiti akilinganisha daftari la kituo na rejista ya hospitali kwa majeruhi walewale, tofauti zinazokusanyika kwenye saa sita kamili, au kwenye siku moja kamili kwa matukio ya usiku, zitamwonyesha tatizo la tafsiri. Tofauti zilizotawanyika ovyo zitamwonyesha uzembe. Na muda unaopungua kila mara kidogo chini ya ukomo wa kisheria utamwonyesha jambo ambalo si la kiisimu hata kidogo. Kuyachanganya matatu haya katika asilimia moja ya "usahihi wa kumbukumbu", kama inavyofanyika sasa, ni kuwaonea askari wa kundi la kwanza na kuwasitiri wa kundi la tatu.

Uganda inaongeza tabaka jingine. Kiswahili kimekuwa lugha ya polisi na jeshi kwa miongo mingi, na tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili. Kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza. Mtuhumiwa mara nyingi huzungumza Kiganda, Kiacholi au Kinyankole. Mahakama za Uganda zimesisitiza kwamba ungamo liandikwe kwa lugha ya msemaji na tafsiri ifuate. Hata hivyo chini ya maelezo mengi, Uganda na kwingineko, husimama sentensi ileile: nimesomewa, nimeelewa, ni sahihi. Fomu nyingine huwa nayo tayari imechapwa. Ukaguzi unaohesabu uwepo wa sentensi hiyo unahesabu kazi ya kiwanda cha uchapaji. Maswali yenye faida ni mengine: nani alifasiri, kwa lugha ipi, jina lake limeandikwa wapi, na nakala ya lugha ya kwanza iko wapi? Mashariki mwa Kongo swali hilo la mwisho lina jibu fupi, kwani PV huandikwa kwa Kifaransa wakati mahojiano yakiendeshwa kwa Kiswahili, na hakuna nakala ya Kiswahili inayotarajiwa kuwapo.

Tanzania, kwa marekebisho ya sheria Na. 1 ya mwaka 2021, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wapo wanaodhani kwamba kwa hatua hiyo tatizo la tafsiri limekwisha. Lililokwisha ni la Kiingereza. Mtoto wa miaka 9 anayesema "kanifanyia mambo mabaya" bado anasubiri mtu mzima achague kati ya "kubaka", "kulawiti", "shambulio la aibu" na kimya. Kenya ana neno jingine tena, "unajisi", ambalo sheria imelitengea watoto ilhali majirani hulitumia kwa mengi. Uchaguzi huo hufanyika kwa sekunde chache, na jalada lote hufuata njia iliyochaguliwa. Utafiti unaouliza iwapo jalada lina muhuri umefika umechelewa.

Kwa wanaoandaa ukaguzi ujao

Mapendekezo yafuatayo yanawahusu washauri wa sera kuliko wananadharia. Sampuli ichukuliwe kutoka pande mbili: nusu kutoka daftari la polisi kuelekea hospitali na ofisi za mtaa, nusu kutoka huko kuelekea daftari. Mzigo wake si mkubwa kama inavyodhaniwa, kwani PF3 na P3 zenyewe huunganisha taasisi mbili na zina tarehe za pande zote. Maelezo ya watuhumiwa yakaguliwe kwa kutafuta maswali, si saini tu. Maneno ya kwanza ya mlalamikaji yaandikwe kama yalivyosemwa, katika mstari mmoja, kabla ya askari kuandika jina la kosa. Mstari huo mmoja ungempa mkaguzi yeyote kitu cha kulinganishia ambacho leo hana. Na timu ya ukaguzi iwe na mtu mmoja anayejua lugha ya eneo, tena anayeijua kwa mazungumzo, si kwa kamusi.

Upo ugumu ambao mapendekezo haya hayauondoi. Mstari wa maneno halisi unaweza kumtambulisha mlalamikaji kuliko jina lake. Katika kijiji kidogo namna mtu anavyosema hutosha. Wanaohifadhi nakala hizo wakiwa ni polisi walewale, mlalamikaji analindwa dhidi ya umma lakini halindwi dhidi ya kituo. Zikihifadhiwa na chuo kikuu, polisi watauliza kwa haki ni kwa sheria gani. Zikihifadhiwa na mamlaka huru ya usimamizi, kama ile iliyoundwa Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, bado itabidi ijulikane nani ana ruhusa ya kuzisoma, kwa muda gani, na mlalamikaji ataulizwa idhini yake lini: akiwa bado amesimama kaunta mkono umefungwa kanga, au baadaye, akiwa amerudi nyumbani kwa mtu aliyemshtaki.